Koti Lililokwenda Makete

Mtu akivuta selotepu pana, ile ya kufungia maboksi, hasira hunipanda kabla sijajua namkasirikia nani. Mlio ule hunirudisha Lanham, Marekani, sebuleni kwetu ghorofa ya pili, nikiwa na miaka tisa.

Wiki ile theluji ilikuwa imeanguka hadi magotini. Shule zilifungwa siku tatu, nami siku zote tatu nilishinda nje na koti langu jekundu lenye kofia ya manyoya. Naomba mnielewe kuhusu koti hilo. Nguo zangu nyingine zote nilizirithi kwa watoto wa kanisani. Hili peke yake lilitoka dukani na karatasi yake ya bei. Siku lilipoletwa nililala nalo.

Jumamosi tukaamka na jua la ajabu. Februari, jamani! Maji yalichuruzika paani, theluji ikawa tope, na jirani yetu akatoka kuosha gari akiwa na kaptula na ndala. Mama alikuwa akitunza wazee majumbani kwao, na Jumamosi hulala hadi adhuhuri. Siku hiyo nilimkuta amefungua madirisha yote, kainamia boksi la kontena. Kwetu boksi hilo halikukosekana. Lilikaa nyuma ya mlango likijazwa sabuni, viatu na vitamini kidogokidogo, hadi mwenye kontena apite kulichukua liende Makete kwa ndugu.

Kati ya mataulo nikaona mkono mwekundu.

"Mama, that's mine!"

"Winter imeisha, mwanangu. Huoni jua? Tumaini atalivaa."

Tumaini alikuwa rika langu, binti wa mama mdogo aliyefariki Krismasi, tukamlilia kwa simu. Nilimjua kwa picha tu. Nilipoanza kulia, Mama akanikumbusha kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi nikaona moyo ni wake na koti ni langu. Lakini nilichungulia dirishani, na jua kweli lilikuwa linawaka. Mama alikuwa amesema, basi nikaamini. Nikafuta machozi, nikamshikia boksi akavuta selotepu.

Jumanne baridi ilirudi na meno yake, boksi limeshachukuliwa. Nilisimama kituo cha basi la shule na masweta mawili na khanga ya Mama shingoni, wenzangu wakinicheka hadi basi likaja. Jioni nikamwambia Mama kwamba jua lilitudanganya sote wawili. Alinipashia maziwa tu. Kwa miaka mingi niliendelea kulinunia jua la Februari, watu wakidhani nina kichaa.

Mwaka jana nilijaza boksi langu la kwanza mwenyewe. Mwenye kontena akaniambia nisitegemee lifike kabla ya miezi mitatu. Nikahesabu kwa vidole kuanzia Februari ile: Machi, Aprili, Mei. Halafu Juni, wakati Makete maji yanaganda kwenye ndoo. Mama angengoja winter iishe kweli, koti lingemkuta Tumaini ameshamaliza kutetemeka. Na wakati ule Mama alikuwa ameishi hapa miaka kumi na mbili. Alilijua jua lile kuliko mimi.

Nikampigia simu.

"Mama, Jumamosi ile ulijua baridi itarudi?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ungelia, ningekuhurumia, nisingelituma. Mwenzio hakuwa na mama. Wewe ulikuwa naye."

Ilikuwa kweli, na Tumaini alihitaji koti kuliko mimi. Hata hivyo niliumia upya, nikiwa mtu mzima na mwenye watoto. Yule mtoto wa miaka tisa pengine angekataa. Pengine angelivua akalikunja mwenyewe. Sitajua kamwe, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.