Pazia la Kijani na Mashahidi Wanane

Jina la Mzee Herufi alipewa na wenzake kazini, tena kwa kumkomoa. Bosi wao alimpa kadi ya mwaliko wa harusi, naye kesho yake akairudisha imesahihishwa kwa penseli, makosa sita, na mawili kati ya hayo yalikuwa kwenye jina la bwana harusi. Harusini hakwenda. Haijulikani kama alikuwa bado amealikwa.

Miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa moja. Alikaa ghorofa ya tatu ya taasisi ya utafiti, kwenye chumba kinachonuka vumbi na kahawa, mbele ya picha za kurasa kuukuu za Injili, akizilinganisha herufi kwa herufi na kujaza majedwali. Kuhubiri hakuhubiri, kufasiri hakufasiri. Maprofesa waliandika vitabu vinene, na yeye alitajwa mwishoni kabisa, kwa maandishi madogo, pamoja na mtu wa mashine ya kurudufu.

Na usidhani ni mchezo. Injili ile ya kwanza, iliyotoka mkononi mwa mwandishi mwenyewe, haipo tena. Zilizobaki ni nakala za nakala za nakala, maelfu kwa maelfu, na huwezi kukuta mbili zinazolingana neno kwa neno. Mnakili huyu alisinzia akaruka mstari. Yule aliona sentensi imekaa upande, akainyoosha. Mwingine alikuta mtu kaandika maoni yake pembeni mwa ukurasa, akayachukua akayaingiza ndani kama Maandiko, Mungu amsamehe. Mzee Herufi aliwajua wote hao, ijapokuwa walikufa zaidi ya miaka elfu iliyopita, na aliwasengenya kama majirani.

"Leo kuna mmoja kaniudhi!" angemwambia mkewe mezani. "Mvivu! Maneno kumi na manne kayala, hata aibu hana."

Mkewe alikuwa muuguzi, na mara nyingi ndiyo kwanza ametoka wodini miguu ikimwaka moto. "Pole, baba," angesema. "Kula basi, chakula kinapoa."

Aliyemsikiliza kwa kweli ni binti yao, mtoto wao wa pekee. Yeye angeweka uma chini na kuuliza, "Maneno gani, Baba?" Basi hapo mzee anapanda mori, chakula kinapoa kabisa.

Sasa binti huyo akapata mchumba. Kijana mwenyewe fundi friji, mpole, maneno yake ya kuhesabika, kucha safi kuliko za daktari. Watu wake walikuja mara ya kwanza wakapokelewa vizuri, wakaambiwa warudi Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa tano asubuhi, wachukue jibu. Katikati hapo mdogo wake Mzee Herufi akafanya sherehe ya kuhamia nyumba mpya, na kijana akaalikwa, akaja na suti.

Lo! Haikupita wiki, ukoo mzima unawaka. Mchumba mlevi! Mchumba kalewa chakari kwenye nyumba ya watu! Kufika Jumatano jibu lilikuwa limeshaamuliwa, bado kutamkwa tu: hapana.

Binti alikuja kwa baba yake macho yamevimba. "Baba, mwenyewe anasema hajawahi kuonja hata tone. Wao wanane wanasema wamemwona. Wewe ndiyo kazi yako hii. Nitafutie lipi ni la kweli."

Ukimtaka Mzee Herufi akutafutie kazi, hana anayemjua. Ukimtaka akuazime gari, hana gari. Lakini hili! Alivaa miwani, akafungua daftari jipya, akapiga mistari kwa rula.

Akaanza na mjomba wa binti, shemeji yake.

"Uliona mwenyewe?"

"Kwa macho yangu haya mawili."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Nje, namwelekeza mtu aegeshe gari."

"Ukaonaje ndani?"

"Ah, shemeji nawe! Si kila mtu aliona?"

Ndivyo ilivyokuwa kwa wote. Mjomba alisema chupa mbili. Binamu alisema kreti zima. Mke wa binamu aliongeza kwamba kijana aliimba, na mama mmoja jirani akaongeza kwamba alimtukana mchungaji, wakati mchungaji mwenyewe hata hakualikwa. Mzee Herufi hakukasirika hata kidogo. Hizi aliziona tangu ujana wake: habari ikipita mikononi huongezeka, haipungui. Alivikata vyote kwa mstari mmoja mmoja, chupa, wimbo na mchungaji, akatazama kilichobaki.

Kilichobaki kilimfanya ainuke kitini. Wote wanane, bila kupishana hata neno, walisema hivi: kalala chali nyuma ya pazia la kijani, miguu nje.

"Umeona?" alimwambia mkewe, aliyekuwa anapasi sare yake. "Watu wanane wakiona jambo moja kweli, kila mtu husema kwa mdomo wake. Huyu atakumbuka viatu, yule atakumbuka saa. Wakisema neno kwa neno, hao wamenakili. Hawa si mashahidi wanane, mke wangu. Ni shahidi mmoja, kazaa."

"Na huyo mzazi ni nani?"

"Nitamshika tu."

Kulikuwa na shahidi wa tisa ambaye hakuna aliyemhesabu. Ni Bibi, mama yake Mzee Herufi, ambaye umri umemchezea akili kidogo na humwita paka kwa jina la marehemu mumewe. Bibi alisema, "Friji ilikuwa inalia. Kijana akaingia chini yake, ikanyamaza." Waliomsikia walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Herufi hakucheka. Kazini kwao, nakala moja ikisema jambo gumu, la ajabu, na zingine zote zikisema jambo jepesi, hilo gumu ndilo la kulitazama mara mbili. Mnakili hulainisha kigumu. Ni nadra achukue kilaini akakifanya kigumu. Kusema kijana kalewa ni rahisi, hata mtoto atalisema. Lakini nani atabuni mchumba wa watu, na suti yake, chini ya friji?

Akafuata nyayo. Mjomba alisikia kwa binamu. Binamu kwa mkewe. Mke wa binamu na jirani kwa mdogo wake Mzee Herufi, mwenye nyumba. Na huyo, alipobanwa sana, alikiri: kwa Shangazi. Wote, kila njia, kwa Shangazi! Shangazi ni dada mkubwa wa Mzee Herufi, mwanamke wa sauti na simu mbili, na siku ya sherehe hakuwepo kabisa, alikuwa kwa daktari wa meno. Mzee Herufi alisugua viganja kwa raha. Tangu utotoni dada huyo alikuwa akimwonea.

Jumapili saa tatu ukoo ulikaa kwenye nyumba ile ile mpya, kwa sababu ndiyo yenye viti vingi. Mzee Herufi alisimama na daftari lake. Aliwapanga mmoja mmoja, nani kachukua kwa nani, na kila aliyetajwa akaangalia viatu vyake. Hatimaye akamgeukia dada yake.

"Shangazi, wewe hukuwepo. Ulikuwa umepanua mdomo kwa daktari."

"Lisemwalo lipo," alijibu Shangazi bila kupepesa.

"Nani kakwambia? Umejuaje habari ya miguu? Umejuaje habari ya pazia hili la kijani?" Na akalipiga kofi pazia lenyewe, lililoning'inia kwenye mlango wa jikoni.

Mke wa mdogo wake akainua kichwa taratibu.

"Shemeji, kijani kipi? Pazia langu jekundu hilo. Nimelichagua mwenyewe, jekundu la kukolea."

Watu wote waligeuka wakalitazama, utadhani limetundikwa dakika hiyo.

"Eh!" alisema mwenye nyumba. "Kumbe."

"Na wewe unakaa humu!" mkewe akamfokea. "Unalipita kila ukienda kula!"

Mzee Herufi alisikia moyo unadunda kwa furaha. Kosa la pamoja! Katika kazi yake hakuna kitu kitamu kama hicho. Watu wanane wameita jekundu kijani, basi aliyekosea wa kwanza ndiye mama wa nakala zote, hana pa kukimbilia. Akaligeukia pazia alitazame vizuri.

Bado lilikuwa la kijani.

Mkewe alikuwa ameshika kipaji cha uso. Ni yeye aliyemchagulia soksi kila asubuhi miaka thelathini, maana mume wake huyu, tangu azaliwe, nyekundu na kijani hazitofautishi, na picha zake kazini ni nyeusi na nyeupe tupu, haijapata kumsumbua.

"Mdogo wangu," alisema Shangazi, kwa upole ambao haukuwa kawaida yake, "si wewe mwenyewe ulinipigia simu jioni ile kuniuliza habari za jino? Ukaniambia, 'Yule kijana nimemwona kalala chali nyuma ya pazia la kijani, miguu nje. Labda kalewa.'"

"Nilisema labda?" aliuliza Mzee Herufi, maana simu ile ilikuwa imemtoka kabisa kichwani.

"Ulisema. Hiyo 'labda' sikuiona kazi yake, nikaiacha."

Nyani haoni kundule, jamani. Mtu aliyewasuta wanakili wa miaka elfu alikaa chini polepole, daftari likamteleza, na hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa Bibi, ambaye alikuwa anacheka na paka.

Binti yake alikuja akachuchumaa mbele yake. "Baba, wewe uliona nini hasa?"

"Miguu. Viatu na soksi."

"Kwa nini hukufunua pazia ukatazama?"

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu. "Mwanangu, mimi siku zote nasema wale watu walikosea kwa usingizi, kwa uvivu. Si kweli. Wakati mwingine mtu huandika kile anachotamani kukikuta. Mimi nilitamani awe mlevi. Sikutaka uondoke. Ndiyo hivyo tu, sina jingine."

"Si ungeniambia, Baba," alisema binti, na machozi yakamtoka. "Ungeniambia tu."

Hodi ikapigwa. Ilikuwa saa tano kamili. Watu wa fundi si wa kuchelewa. Waliingia watano, kijana nyuma yao na ile suti yake, na kwenye bega doa la mafuta ambalo limesuguliwa likagoma kutoka. Hata kabla hawajakaa vizuri, Mzee Herufi alisimama akawasimulia yote, tangu miguu hadi simu, hakuacha neno. Baba wa kijana alikohoa. Mama wa kijana alimtazama Shangazi, na Shangazi akatazama dari.

"Friji ilikuwa na mguu mmoja mfupi," alisema kijana kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana ilikuwa inapiga kelele. Niliingia chini nikaweka kipande cha boksi. Nilidhani mmenichukia kwa sababu niliichafua suti."

"Mimi tangu mwanzo nilisema huyu ni kijana wa maana," alisema Shangazi.

Wote walikuwa wanamtazama Mzee Herufi, maana jibu ni la baba, na baba alikuwa anaitazama sura ya binti yake kana kwamba ni ukurasa utakaoondolewa mezani kwake kesho.

"Nimekubali," alisema. Sauti ilimkatika katikati ya neno, ikabidi alirudie lote upya, herufi kwa herufi, na hapo mbele ya wakwe zake, mtu mzima na miwani yake mkononi, akalia.