Nishati ya Muungano

Jumatano ya mwisho ya Juni, mwaka jana, nilimpoteza binti yangu. Alikuwa mtoto wetu wa pekee, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja amalize kusomea fizikia chuoni, mapafu yalipomrudisha nyumbani Bombambili, hapa Songea.

Mimi ni fundi baiskeli, niliishia darasa la saba. Miezi ile kazi yangu kubwa ilikuwa kukaa kando ya kitanda chake na kusikiliza mashine ya oksijeni tuliyoazimwa na jamaa wa kanisani. Ilikuwa inakoroma kama mtu mnene aliyelala. Ikinyamaza, maana yake umeme umekatika, na mama yake anakimbilia mtungi wa akiba.

Mwanzoni mwa Juni hiyo nilimuuliza alikuwa anasoma nini hasa huko chuoni. Akasema nishati ya muungano.

"Ya Muungano? Kwani Zanzibar nao wanatuletea umeme?"

Alicheka mpaka akakohoa, nikajuta. "Siyo ule wa Aprili, baba. Viini vya hidrojeni vinaungana, kama ndani ya jua."

Akanieleza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. Gesi inapashwa moto mpaka hakuna chombo kinachoweza kuishika, kwa hiyo inazuiliwa katikati kwa sumaku. Viini vikigongana na kuungana, chembe ndogo isiyoshikwa na sumaku inachomoka na sehemu kubwa ya nguvu. Chembe hiyo inakwenda kugonga ukuta mnene uliozunguka chumba chote, wenye lithiamu ndani, madini yale ya betri za simu. Ukuta unapata joto.

"Wenyewe wanauita blanketi," alisema.

"Halafu?"

"Halafu joto linachemsha maji, mvuke unazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha jenereta."

Hapo nilielewa, kwa sababu ya dainamo za taa za baiskeli. "Yaani sumaku zote hizo, mwisho wake ni birika?"

"Birika, baba. Usiwaambie walimu wangu."

Nikamuuliza lini tutaunganishiwa huo umeme. Akasema bado. Moto wameshauwasha, lakini mtambo mzima bado unakula umeme mwingi kuliko unaoweza kutoa. Kisha akavuta blanketi lake mpaka kidevuni, maana Juni ya Songea ni baridi.

"Hili langu halina kazi," akasema. "Ndani hamna moto."

Mama yake alitoka nje. Mimi nikamfunika miguu.

Jumatano ile umeme ulikatika baada ya chakula cha mchana. Mtungi wa akiba ulikuwa umebakiwa na hewa kidogo. Nilichukua bodaboda kwenda hospitali kufuata mwingine, nikasubiri kama wengine walivyosubiri, nikarudi nimeukumbatia nyuma ya dereva. Nilipofika mlangoni, jirani aliupokea mtungi kwa mikono miwili, taratibu, kama anayepokea mzigo wa mgeni. Hivyo ndivyo nilivyojua.

Daktari alisema mapafu yalikuwa yameshafika mwisho, hata umeme ungekuwepo. Asubuhi huwa namwamini. Jioni siamini.

Umeme ulirudi kesho yake, wanaume wakiwa uani wanapanga zamu za kuchimba kaburi. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuzima mashine. Ilipiga mlio, ikaanza kukoroma chumbani, na watu uani wakageuka. Niliingia, nikamkuta mke wangu ameshika mrija, hewa inampuliza kiganjani. Nikanyoosha mkono kwenye swichi.

"Iache kwanza," alisema.

Nikaiacha. Nikakaa kwenye kitanda chake kitupu, juu ya blanketi, mashine ikiendelea, mpaka mama mkwe alipokuja mlangoni kutuambia jeneza limefika.