Burul Akisubiri Kituoni

Konda hafichwi kitu na dereva wake. Miaka yote niliyopiga kazi na Burul katika lile basi letu la umeme, lile lenye pembe mbili zinazoshika nyaya juu, nilijua siku aliyogombana na mumewe, siku mgongo ulipombana, na sababu ya sisi kuganda kila mchana pale kituo cha chuo cha ushonaji kama watu waliokatiwa umeme.

Abiria walinipigia kelele mimi. "Wewe konda, mwambie dereva wako tunakwenda sokoni, hatukuja kulala!"

"Pembe zimekaa vibaya," nawaambia. "Mwenye haraka ashuke asukume."

Uongo mtupu. Pembe zilikuwa nzima. Tulikuwa tunamsubiri Saikal.

Saikal ni wa Burul, kamzaa mwenyewe. Lakini alikuwa wa kwanza, na hapa kwetu Bishkek nani asiyejua, wa kwanza mara nyingi ni wa wazazi wa mume. Alipoacha ziwa tu, mama mkwe, Bi Kalipa, akamfunga blanketi akaenda naye kwake, upande wa pili wa mji. Hakuna aliyeiba mtoto wala aliyemlazimisha mtu; mume wa Burul mwenyewe alilelewa na bibi yake hivyo hivyo. Saikal akakua akimwita Bi Kalipa mama, na Burul akamwita dada. Ukweli anaujua, hakufichwa. Ila kujua ni mbali na kuita. Burul alipata wavulana wawili baadaye, wakimwita mama kutwa kucha mpaka masikio yanamchoka, na bado alikuwa na njaa ya kuitwa na yule mmoja. Aliniambia hivyo hivyo, "Toktokan, nina njaa," na mkononi ana mkate.

Sikukuu wakienda kwa Bi Kalipa, Saikal alimimina chai, akampa kila mtu piala yake, kile kibakuli cha chai, kisha akaenda kukaa ubavuni kwa bibi. Burul alirudi nyumbani na hayo tu. Kwa hiyo msichana alipoingia chuo cha ushonaji, na chuo kiko kwenye njia yetu, jamani, mwanamke alipaka rangi ya mdomo kuja kazini! Nikamcheka, "Unaolewa tena?" Akanipiga na glavu.

Chuo kiko ng'ambo ya barabara kubwa, kituo chetu upande huu. Saikal akitoka na koti lake la njano analiona basi limesimama, basi anajitupa barabarani, anapita katikati ya magari akipunga mkono, anaingia akihema. Anasimama mlangoni pa dereva na kuongea mpaka mwisho wa safari: mwalimu kafanya hivi, sindano imevunjika, viatu fulani kaviona dukani. Burul alimwekea sambusa ya nyama juu ya hita isipoe.

"Dada, unanisikiliza kweli?"

"Nakusikiliza. Kisha?"

Dada. Hata abiria mlevi humwita dada. Lakini usoni Burul alikuwa anawaka.

Ndipo akaja Eldiyar, kijana mwembamba wa utafiti, aliyetumwa kujua kwa nini watu wanagongwa sana kwenye barabara ile. Alifunga kamera juu ya nguzo, akapanda mabasi, akaandika. Nikajua tumekwisha, atatushitaki kwa kuchelewa. Mchana mmoja akatufuata karakanani na kishikwambi chake. Nikamwahi mlangoni.

"Kama umekuja kutusema, mdogo wangu, niseme mimi. Huyu mwache."

"Sikuja kumsema mtu, dada. Nataka tu atazame." Akamgeukia Burul. "Basi likifika na kuondoka, watu wa ng'ambo hutulia, hungoja taa. Likisubiri, hukimbia. Kila anayeliona limesimama anadhani atalipata."

Akabonyeza. Basi letu hilo, limeganda. Likatokea koti la njano, linakimbia. Kisha lori jeupe, breki, pua ya lori ikayumba, koti likapita mbele yake chupuchupu. Mtume wangu! Nilishika meza. Siku ile Burul alikuwa ameinama kwenye hita anageuza sambusa, na mimi nilikuwa nabishana na mzee mmoja juu ya nauli. Tulisikia honi, basi.

Tulipotoka nje Burul akanigeukia.

"Mimi ndiye ninayemwita barabarani."

"Mwambie avuke kwenye taa!"

"Nimemwambia mara ngapi? Anacheka. 'Usiwe na wasiwasi, dada.' Nani anamwogopa dada?"

Kesho yake tulifika kituoni, waliokuwepo wakapanda, milango ikafungwa. Saikal ndiyo kwanza anatokea ng'ambo, mkono juu.

"Burul! Mtoto yule!"

"Namwona."

Akakanyaga mafuta. Naita mafuta, basi lenyewe la umeme, mjue nilivyochanganyikiwa. Aliendesha machozi yanamtiririka, na abiria mmoja akasema leo angalau tutafika mapema. Nilitamani kumshusha huyo kwenye theluji.

Alimwacha hivyo na kesho yake, na keshokutwa. Saikal akasusa. Akaanza kupanda vibasi vya mtaa wa nyuma, sambusa nikawa nakula mimi. Siku ya Nauruz, mwaka mpya wetu wa machipuko, huko kwa Bi Kalipa, msichana alimpa Burul chai bila kumtazama.

"Uliniacha kwenye theluji mbele ya wenzangu, dada. Nimekukosea nini?"

"Vuka kwenye taa," Burul akamjibu. Zaidi ya hayo asingeweza kusema mbele ya wakwe; alinisimulia mwenyewe kazini. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Eldiyar, nikamkasirikia Bi Kalipa ambaye maskini wala hajui lolote.

Theluji ilipoyeyuka Eldiyar akatukuta mwisho wa njia, uso umejaa furaha. Madereva wote sasa wanaondoka kwa wakati, alisema, na pale chuoni hakuna anayekimbia tena.

"Nionyeshe," Burul akasema.

Akafungua. Watu wamesimama kwenye taa, na kati yao koti la njano. Saikal akatazama upande huu, akatazama ule, akangoja. Taa ikageuka. Akavuka polepole na wenzake, akapita kituo chetu, akaelekea mtaa wa nyuma kwenye vibasi vyake.

"Irudie."

Akairudia.

"Tena."

Eldiyar akaona ajabu. "Huyo binti ni nani wako, dada?"

Karakana nzima ilimjua kama mdogo wa mumewe. Burul hakuinua macho.

"Mwanangu," akasema. "Ni mwanangu huyo."

Eldiyar akanitazama mimi.

"Unashangaa nini?" nikamwambia. "Irudishe nyuma, mama yake aone."