Mgiriki wa Mlingotini

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwa wakazi wote wa Mlingotini, waliopo na waliokwenda Dar kutafuta maisha wakapata foleni, kwamba kijiji chetu kimepata Mgiriki. Anaitwa Mwanamkasi Bwanausi. Analima mwani. Mpisheni njia.

Ugiriki huo umemfikia kwa kuchelewa, kama umeme ulivyotufikia sisi, na hapo ndipo pana kisa.

Alipokuwa sekondari, Mwanamkasi alitaka jambo moja tu: kusoma chuo cha uvuvi pale Mbegani, avae koti jeupe, achungulie hadubini. Kichwa alikuwa nacho. Kwenye chuo cha Kurani cha Maalim Msabaha aliwahi kuhifadhi kuliko kaka zake, na sauti yake iliwasimamisha wapita njia. Basi mwalimu wa baiolojia alipomwaga ubaoni maneno marefu kama mkunga wa baharini, yote kwa Kiingereza, mtoto akafanya alichofundishwa. Akayatia mahadhi. Fotosinthesisi, haidrofaiti, fototropizimu, mfululizo, huku akiyumba mbele na nyuma. Bibi yake, Bi Shufaa, alipita akasikia, akaitikia, "Amin."

Maneno ya Mwenyezi Mungu unayahifadhi kama yalivyoshuka. Haya mengine yalikuwa ya kuungaunga. Wagiriki na Walatini walikufa wakaacha vipande, wataalamu wakaviokota na kuvigandisha: foto ni nuru, haidro ni maji, faiti ni mmea. Hakuna aliyemwambia. Fotosinthesisi hiyo Kiswahili chenyewe kinaiita usanisinuru, na nuru unaiona humo hata ukifumba jicho moja. Lakini sekondari tunasoma kwa Kiingereza, ili tuwe werevu.

Siku ya mtihani swali likataka aeleze haidrofaiti. Kulifikia neno hilo ilibidi aanze wimbo tangu mwanzo. Akaanza, taratibu, akiyumba.

"Mtahiniwa, unasoma dua?" msimamizi akauliza.

"Natafuta neno, mwalimu."

"Litafute kimya."

Kwa kimya wimbo ukakatika. Msichana aliyekulia nyuma ya bwawa la mayungiyungi akashindwa kueleza mmea wa majini. Akapata F. Mbegani ikabaki palepale, jirani asiyekaribisha, naye akamfuata mama yake kwenye mwani.

Mwaka jana akaja mkufunzi, binti mdogo aitwaye Zuwena, kuwafunda wakulima. Akainua kitawi cha spinosamu, mwani ambao akina mama wanaufunga kambani kila maji yakikupwa.

"Jina hili Kilatini," akasema. "Spina ni mwiba. Spinosamu, wenye miiba. Si mnauona?"

"Hee! Kumbe miaka yote tunasema Kilatini?" akadakia Dija, anayelima na Mwanamkasi. "Basi bei ipande!"

Wakacheka wote. Mwanamkasi hakucheka.

"Na haidro?" akauliza.

"Maji."

"Faiti?"

"Mmea, mama."

Akabaki na mwani mkononi, kama mtu aliyesukuma mlango maisha yake yote, leo anaambiwa ulikuwa wa kuvuta. "Ndiyo hilo tu?" akasema.

"Ndiyo hilo tu."

Akajiandikisha kurudia baiolojia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Zuwena akawa anamtumia vipande kwa simu. Majini, Dija anamtajia maradhi ya nyumbani, yeye anayabanja kama kaa: gastritisi, gasta tumbo, itisi kuvimba.

"Na mume wangu je?"

"Huyo hana mzizi, shoga."

Kicheko kilikuwapo, lakini kila kipande kilichofunguka kilimrudisha kwenye chumba kile cha mtihani. Siku moja nilimkuta anasema peke yake, "Mmea wa majini. Mmea wa majini," akitikisa kichwa, kama anayemkumbuka marehemu ambaye kikombe cha maji tu kingemponya.

Majibu yakatoka juzi. Baiolojia: C, isiyo na mahadhi hata chembe. Nikakimbia na tangazo langu hadi ufukweni, alikokuwa ameketi na kamba zake.

"Shikamoo, Profesa!"

"Marahaba."

"Sasa Mbegani, da Mwanamkasi! Koti jeupe!"

Akakaza fundo, akachukua kitawi kingine.

"Nimewapigia," akasema. "Wanataka na kemia. Nayo niliiimba."