Kipimo cha Wajawazito Ubavuni mwa Mfugaji

Nilikuwa na mkono mzuri wa mfuko wa kupumulia, na nilijijua. Mwishoni mwa miaka ya tisini hatukuwa na mashine ya kumpumulia mgonjwa huku Garsen. Mashine ilikuwa viganja vyetu. Unabandika barakoa usoni, unaminya mfuko, kifua kinainuka.

Siku moja kifua cha Mworma mmoja kiligoma. Alikuwa mfugaji wa makamo, ameletwa kwa mtumbwi kwa kuwa barabara ya Minjila ilikuwa chini ya maji, hoi kwa kuhangaikia pumzi. Nikaminya, wapi! Nikaongeza nguvu. Ndiyo tabia yangu, mlango ukikataa nausukuma.

Ubavu wake wa kulia ulifunikwa kitambaa. Wafugaji wetu huchoma kwa chuma cha moto mahali panapouma, na vidonda vilikuwa vibichi. Nilipotaka kusikiliza pale, mkewe alipaziba kwa kiganja.

"Hapo usishike, daktari. Moto bado mbichi."

Nikasikiliza kushoto tu, nikaamua ni nimonia. Nilijiona mjuzi.

Mkunga wetu, mama mwenyeji wa kijiji cha Ngao, asiyenibembeleza, aliniona natokwa jasho, akaenda kuikokota mashine ya kupiga picha wajawazito.

"Hiyo si ya mimba?" mke akashtuka. "Mume yangu iko na mimba?"

"Iko na kitu, mama. Wacha tuone."

Alipitisha kifaa pembeni mwa kitambaa. Kwenye kioo cha mashine palikuwa peusi: maji tele, na pafu limesinyaa juu yake. Nikaona aibu. Kumbe nilikuwa nikisukuma hewa mahali pasipo na nafasi, huku pafu la kushoto, lililo zima, likifura kwa nguvu zangu.

Nikamwachia mkunga mfuko aminye kidogo kidogo. Mimi nikamweleza mke, naye akaondoa kiganja. Nikachoma sindano kati ya mbavu, kando ya vidonda, kuyatoa maji. Kila tulipojaza chupa ya maji ya manjano tulitazama kioo. Pafu likifunguka, mkunga anaongeza pumzi kidogo. Hapo nilikuwa kwenye kazi ninayoijua.

Alasiri mfugaji aliisukuma barakoa, akavuta pumzi yake mwenyewe. Nilifurahi karibu nilie.

"Kumbe ugonjwa ilikuwa hapo?" mkewe akauliza.

"Hapo hapo, mama. Ulinikataza, nikaogopa kukuudhi."

Akanitazama kwa mshangao.

"Ungeniomba tu, ningetoa mkono."