Kindi Kwenye Koti la Baba

Leo pale stendi ya Kisarawe nimesikia harufu ya korosho za kuchoma, nikaukumbuka mlango wa chumba cha mama.

Koti la marehemu baba lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango huo, na kindi wetu alikuwa amejifanyia kiota mfukoni. Yeyote aliyelisogelea aling'atwa. Mama alipita hapo akijikinga kwa ungo. Mimi tu hakuwa akining'ata, kwa sababu ndimi niliyemlisha.

Mama alipomaliza eda, baba mdogo alikuja kutoka Marui ili nguo za marehemu zigawiwe. Alipeleka mkono kwenye koti, akautoa na damu kidoleni.

"Mwite wewe," mama aliniambia. "Wewe anakusikia."

"Mama, si tuliache tu?"

"Nguo za marehemu hazikai ndani, mwanangu. Mwite."

Nilikaa sakafuni, nikafungua kiganja chenye korosho. Kindi alishuka, akala taratibu. Nyuma yake baba mdogo alilitungua koti, akaondoka nalo.

Kindi alipanda tena mlangoni, akakuta msumari mtupu. Akarudi kwangu, akaning'ata kwa mara ya kwanza. Sikuuondoa mkono.