Bomba Nililolipindisha Kondoa

Nilitoka nyumbani Mpwapwa kwa sababu ya mchoro mmoja wa bomba la maji. Mchoro haukuwa wangu. Uwongo uliokuwa ndani yake ndio wangu.

Zamani, vijiji vipya vilipokuwa vinapelekewa maji, nilikuwa nyapara wa mafundi wa bomba. Tulitoa maji kwenye chemchemi ya mlimani kuyapeleka kijiji kimoja juu ya Kondoa. Katikati ya njia tukagonga mwamba. Mgeni rasmi alikuwa anakuja wiki ileile kufungua bomba, basi nikaamuru mtaro upinde, upite ukingoni mwa korongo. Wakubwa sikuwaambia. Ofisini kulikuwa na binti aliyekuwa mafunzoni, Roda, kazi yake kuchora njia ya bomba kwa vipimo nilivyompa. Nikampa mstari ulionyooka. Akauchora, akatia saini. Mara tatu aliomba kwenda kuuona mtaro, na mara tatu nilimjibu kwamba mtaroni si mahali pa wasichana.

Miaka ikapita. Wafanyakazi walipopunguzwa nami nikapunguzwa, nikarudi kulima karanga. Jumapili moja, nje ya kanisa, dereva mmoja wa idara ya maji akanipa habari. Roda sasa ni mhandisi, na ndiye mwenyekiti wa umoja wa wahandisi wa mkoa; katibu na mweka hazina nao ni wanawake. Umoja huo ulikuwa umejitolea kufufua bomba la kule Kondoa, ambalo halikuwa likitoa hata tone. Walifukua siku tano wakifuata mchoro wa Roda, wakapata udongo mtupu.

"Wenzake wanasema hajui kazi," dereva akaniambia. "Jumatatu, si ya kesho, ile inayofuata, wanamtoa kwenye kiti."

Mke wangu, Mama Neema, alikuwa amesimama pembeni yangu, akasikia yote. Jumatano jioni nilimkuta anapiga pasi shati langu la kanisani.

"Sijasema nakwenda," nikamwambia.

"Na mimi sijakuuliza."

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa stendi ya Mpwapwa. Enzi ya basi moja tulilolisubiri kutwa ilikuwa imekwisha. Mabasi mawili ya watu binafsi yalisimama yananguruma, na mpiga debe wa kila moja alinivuta mkono mmoja. "Mzee, lile halina breki!" akasema wa kwanza. "Hili lake halina injini!" akajibu wa pili. Nikapanda la yule wa pili; angalau lake lilikuwa na injini. Mpaka Kongwa tulikula vumbi. Mbande tulishika lami, na abiria wakaanza kuzungumza kama watu waliotolewa pamba masikioni.

Saa tano na nusu niliteremka Dodoma, nikapita Majengo kwa miguu. Nilishangaa. Sabuni tulizokuwa tukizipangia foleni zilikuwa zimepangwa chini kwa rangi, na pembeni yake lundo la mitumba lililofika kiunoni mwa muuzaji. Nilinunua zabibu, kwa kuwa sikuona heshima ya kuingia kwenye kosa langu mikono mitupu.

Ofisi ya umoja ilikuwa chumba kimoja cha kuazima nyuma ya karakana. Mlangoni alinipokea katibu, Mhandisi Mwanaidi, mwanamke mfupi mcheshi, mzaliwa wa Kondoa.

"Shikamoo mzee wangu. Umepotea njia au unatafuta kazi?"

"Marahaba. Namtafuta mwenyekiti."

Roda akatoka ndani. Nywele zilikuwa zimeanza mvi pembeni, lakini alikuwa yuleyule, kalamu sikioni. Akanitazama kidogo. "Mzee Yohana! Shikamoo."

Nilianza kuyamwaga pale pale. Akainua mkono. "Subiri, mzee. Tuna kikao saa kumi. Humu makosa yana zamu yake."

Nikaja kuelewa saa kumi. Tangu wanawake hao washike uongozi, waliweka utaratibu: kabla ya ajenda yoyote, mwanachama mmoja husimama akaeleza kosa lake mwenyewe la kazi. Hakuna kucheka mpaka amalize. Kisha huulizwa swali moja tu: nini kilikuzuia kusema mapema? Mwanaidi alininong'oneza kwamba mwanzoni wanaume walisusa wiki nzima. Siku hizi, alisema, wanagombea zamu.

Akanionyesha daftari la kikao kilichopita. Zamu ilikuwa ya Roda. Alikuwa ameeleza kwamba alitia saini mchoro wa kitu ambacho hakukiona kwa macho. Basi. Jina langu halikuwamo. Nilisoma mstari ule mara mbili, masikio yakanichoma.

Nikaomba zamu. Walikuwa watu kumi na tano hivi, wengi wanaume. Nilieleza mwamba, mgeni rasmi, kona niliyoikata na vipimo vya uwongo. Nilipomaliza, Roda akauliza swali lao.

"Nini kilikuzuia kusema, mzee?"

"Haraka ya mgeni rasmi," nikasema. Kisha nikaona kwamba hilo lilikuwa nusu. "Na wewe. Kule mtaroni nilikukataza si kwa kuwa u msichana. Hicho kilikuwa kisingizio. Ulikuwa unaandika kila kitu. Nilijua ungeiona ile kona, ukaiandika."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Kumbe mwenyekiti aliogopwa kabla hajawa mwenyekiti!" Chumba kizima kikacheka, na Roda akacheka kuliko wote.

Mmoja hakucheka. Mhandisi Kasimu, mrefu kama nguzo ya simu, ndiye aliyekuwa ameleta hoja ya kumtoa. "Pole, mzee, na asante," akaniambia kwa adabu. "Lakini kosa lako halifuti la kwake. Mhandisi hasaini asichokiona. Na bomba bado hatuna."

"Anasema kweli," Roda akasema. "Lisipoonekana mpaka Jumatatu, kiti ninakiacha mwenyewe. Mzee Yohana, mahali unapakumbuka?"

"Kama hapajahama."

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, tuliondoka kwa Landrova, Roda kwenye usukani, Mwanaidi na Kasimu nyuma pamoja na mabomba na viungio. Makutupora tulipita mashamba ya mizabibu bado gizagiza. Haneti tukanywa chai na maandazi. Mama muuza chai alimtazama Roda akikagua matairi, akamuuliza Kasimu, "Wewe dereva wako huyu umempata wapi?" Kasimu akajibu, "Mimi ndiye niliyepatwa, mama." Nilianza kumpenda yule kijana.

Kijijini tulifika saa sita kasoro. Mwenyekiti wa kamati ya maji, Bwana Salimu, alitukaribisha kwa asali na maneno makali. Wanakijiji walikuwa wamejitolea nguvu zao kufukua, na viganja vyao vilikuwa bado na malengelenge.

"Siku tano mmetuchimbisha makaburi bila maiti," alisema. "Leo mmeleta babu wa kulinusa?"

"Nimekuja kulifufua, ndugu yangu. Nililizika mimi," nikamjibu. Akacheka, akanishika mkono.

Tulingoja wanaume watoke msikitini, kisha tukapanda. Mwamba niliutambua mara moja. Chini yake kuna pango dogo tulimokuwa tukila mchana. Lakini korongo sikulitambua. Zamani ningeliruka, sasa ng'ombe kumi wangepita humo sambamba bila kugusana. Mvua zilikuwa zimelila.

Nilikumbuka kitu kimoja kwa uhakika: kutoka mdomo wa pango hadi kwenye bomba nilipima hatua arobaini kuelekea mashariki. Nikazihesabu kwa sauti. Wakachimba mpaka kiunoni. Udongo. Wakachimba kushoto, kulia. Udongo. Bwana Salimu alikaa juu ya koleo lake, na watu wakaanza kutazamana. Kalamu ya Roda ilikuwa imetoka sikioni na alikuwa akiitafuna. Mimi jasho lilinitoka, na sikuwa nimeshika sururu.

Ndipo Mwanaidi akanisogelea. "Mzee wangu, samahani. Hizo hatua arobaini ni za siku zile, au za leo?"

Nilitazama miguu yangu. Tangu nianguke kwenye kichuguu, goti la kushoto huniruhusu hatua ya nusu tu.

"Wakati ule nilikuwa na miguu kama ya huyu," nikasema, nikimnyooshea kidole Kasimu.

"Kasimu," Roda akasema, "tembea."

Hoja ya kumtoa Roda ilikuwa yake, na miguu iliyotakiwa ndiyo hiyo yake. Alisita kidogo, akaenda mdomoni mwa pango, akatembea huku kijiji kizima kikimhesabia. Ya arobaini ilimfikisha ukingoni kabisa mwa korongo. Sururu ya tatu ikalia *ngaa!* Wanawake wa kijiji wakapiga vigelegele, na Kasimu akapiga magoti akalipapasa bomba kwa viganja.

Furaha yangu ilipungua tulipolifuata. Hatua chache mbele, korongo lilikuwa limekata udongo chini yake, na bomba lilikuwa limevunjika, mdomo ukining'inia hewani. Lingepita mwambani lingekuwa zima. Nililisema hilo kwa sauti, mbele ya Bwana Salimu, maana nilikuwa nimechoka kusema nusu ya ukweli.

Tulilala kijijini. Jumamosi waliunga kipande kipya na kukirudisha nyuma, mbali na korongo. Saa nane mchana maji yalifika: kwanza upepo, kisha matope, kisha maji. Kasimu alijimwagia kichwani. "Hoja yangu naifuta hapahapa," akasema, matone yakimdondoka puani. "Jumatatu msinisubiri nayo."

Roda hakuwa amemsikia. Alikuwa ametandaza karatasi juu ya boneti, na alikuwa ametembea njia nzima kwa miguu yake, kutoka chemchemi hadi bomba la kuchotea kijijini. Akachora kona yangu palepale ilipo. Akatia saini kwanza yeye, kisha akanipa kalamu nitie yangu kama niliyetoa maelezo. Nikaandika polepole, jina likatoka kama la mtoto wa darasa la pili. Hakuna aliyelicheka.

Tulirudi usiku, na Jumapili asubuhi Roda alinisindikiza stendi ya Dodoma. Safarini nilikuwa nimejifunza kwamba nilimnyima yule binti mtaro, nikajinyima mtu wa kuniambia nimekosea, na kwamba kijiji kizima kilikosa maji kwa ajili hiyo. Nilimwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa, akanishikia begi.

"Mzee, ni hilo bomba moja tu?"

Basi lilikuwa linapiga honi. Nilikuwa na mguu mmoja ngazini.

"Mawili mengine," nikasema.

Akachomoa daftari. Nikamwomba kondakta atungoje kidogo, nikateremka.